Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kumsikiliza Chris Cornell Bendi kwa Bendi Bila Kupotea Njiani

Wasomaji wananiletea kilio kilekile. Wamesikia "Black Hole Sun" au "Like a Stone" mahali, sauti ikawashika, wakaenda kwenye programu ya muziki na kuandika jina la mwimbaji wake, mwanaroki wa Marekani Chris Cornell. Zikamwagika nyimbo za kila aina: za bendi hii na ile, za jukwaani, za gitaa peke yake, za filamu, hata za mdundo wa klabu. Wakabonyeza ya juu, wakabonyeza ya pili, na wiki haikuisha kabla hawajaacha. Wengine wamebaki wakiamini kwamba bendi yake ya Audioslave ni ile ya Soundgarden iliyobadili jina.

Masikio yao hayana kasoro. Wamekosa mpangilio tu, na ndio nitakaoutoa hapa.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Kuanzia 1984 hadi 2017 Cornell alibaki na koo lake lilelile, lakini kila alipobadilisha wenzake alibadilika pia namna ya kutunga. Sisi tuliomfuata mwimbaji wa dansi Muhidin Gurumo kutoka bendi ya NUTA hadi Mlimani Park hadi OSS tunalijua hili vizuri: mwimbaji akihamia kwenye magitaa mengine, hata pumzi anaivuta kwingine. Lengo la mwongozo huu ni ufike mahali ambapo ukipigiwa wimbo wowote wa Cornell, utaje bendi kabla kiitikio hakijaingia, na ueleze umejuaje.

Vitu vya kuandaa kwanza

Hedifoni zinazotoa besi. Hili silipunguzii uzito. Spika ya simu hukata sauti za chini, na muziki wa Soundgarden umejengwa huko chini. Wengi waliosema "ni kelele tu" waliusikiliza kwa spika ya simu.

Albamu saba, zote uwe umezipakua kabisa ili bando lisikukatikie katikati:

- Temple of the Dog, *Temple of the Dog* (1991)
- Soundgarden, *Badmotorfinger* (1991)
- Soundgarden, *Superunknown* (1994)
- Soundgarden, *Down on the Upside* (1996)
- Chris Cornell, *Euphoria Morning* (1999)
- Audioslave, *Audioslave* (2002)
- Chris Cornell, *Songbook* (2011)

Ongeza nyimbo mbili za pembeni: "Beyond the Wheel" ya Soundgarden, kutoka *Ultramega OK* ya 1988, na "Footsteps" ya Pearl Jam. Kila moja ina kazi yake maalumu.

Daftari lenye safu nne: jina la wimbo, bendi, aliyetunga muziki, na ulichokisikia wewe mwenyewe. Majina ya watunzi utayapata kwenye maelezo ya wimbo ndani ya programu nyingi za muziki. Kama yako haiyaonyeshi, tafuta picha za kijitabu cha CD.

Muda. Kila albamu ipe siku tatu au nne. Anayetaka kuzimaliza zote saba mwisho wa wiki atakuwa na uchovu tu wa kuonyesha.

Gitaa, kama unalo. Si lazima, ila kwenye hatua ya tatu litakusaidia kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya 1: Zima kuchanganya nyimbo, kisha chora ramani

Nenda kwenye programu yako na uzime kile kitufe kinachochanganya nyimbo. Ondoa pia orodha zote za "nyimbo bora". Orodha hizo huweka wimbo wa 1991 ubavuni mwa wa 2006, na sikio halipati nafasi ya kuizoea bendi yoyote.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika ramani hii:

Soundgarden: ilianzishwa Seattle, Marekani, 1984. Ilivunjika Aprili 1997, ikarudi 2010. Gitaa ni la Kim Thayil. Besi alianza nayo Hiro Yamamoto, na tangu 1990 ni Ben Shepherd. Dramu ni Matt Cameron, aliyejiunga 1986. Kabla yake, mwanzoni kabisa, Cornell mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga dramu huku anaimba.

Temple of the Dog: mradi wa muda mfupi wa 1990, albamu moja tu. Magitaa ni ya Stone Gossard na Mike McCready.

Kazi binafsi: albamu ya kwanza 1999.

Audioslave: 2001 hadi 2007, albamu tatu. Gitaa Tom Morello, besi Tim Commerford, dramu Brad Wilk.

Pigia mstari ile habari ya Cornell kuanza na dramu. Mtunzi aliyelelewa na dramu huyasikia mapigo kwa namna yake, na utakuja kuliona jambo hilo kwenye hatua ya tatu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kufunga daftari na kutaja mpiga gitaa wa kila bendi. Usiendelee kabla ya hapo. Gitaa ndiyo alama yako kubwa ya njia.

Hatua ya 2: Anza na Temple of the Dog, usianze na Soundgarden

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshauri uanze mwanzo kabisa, 1987. Kazi za mwanzo za Soundgarden ni ghafi, na anayezivamia bila maandalizi hukimbia. Temple of the Dog ina kasi ya polepole, magitaa hayajabanana, na sauti ya Cornell imewekwa mbele. Utaijua sauti kwanza, bendi baadaye.

Unahitaji kujua kwa nini albamu hii ipo, maana bila hivyo hutaelewa uzito wake. Andrew Wood, mwimbaji wa bendi ya Mother Love Bone, aliwahi kuishi nyumba moja na Cornell. Alifariki Machi 1990 kwa dawa za kulevya, akiwa na miaka 24. Cornell akaandika nyimbo mbili za kumlilia, "Say Hello 2 Heaven" na "Reach Down", kisha akawaendea Stone Gossard na Jeff Ament wa Mother Love Bone, waliokuwa wamebaki bila mwimbaji. Wakaungana na Mike McCready na Matt Cameron. Ni watu waliofiwa, wakirekodi bila kufikiria soko.

Sikiliza albamu nzima mara moja bila kuandika chochote. Siku ya pili rudia nyimbo hizi tatu ukiwa na kalamu mkononi.

"Say Hello 2 Heaven". Angalia anavyoanza beti kwa sauti ya kifuani, karibu na mazungumzo, kisha kila kiitikio kinapanda ngazi moja juu ya kile kilichotangulia. Hakupi kila kitu mwanzoni, anakihifadhi. Tabia hiyo ataendelea nayo kwenye kila bendi.

"Hunger Strike". Kuna waimbaji wawili. Ile sauti nzito ya chini inayoanza ubeti ni ya Eddie Vedder, ambaye wakati ule alikuwa mgeni Seattle na hakuna aliyemjua. Cornell alikuwa akihangaika kuimba sehemu zote mbili peke yake mazoezini, Vedder akaingia kumshikia ile ya chini, wakauacha wimbo hivyohivyo. Chora mstari kwenye daftari, na kila sauti inapobadilika andika herufi: V au C.

"Times of Trouble". Baada yake piga "Footsteps" ya Pearl Jam, bendi ya Vedder na Gossard. Muziki ni uleule wa Stone Gossard, ila maneno na mwimbaji ni wengine. Zoezi hili nalipenda kuliko mengi, kwa sababu unasikia waziwazi ni kipi kimetoka kwa mpiga gitaa na ni kipi kimetoka kwa mwimbaji. Cornell ananyanyua wimbo uende juu, Vedder anaukalisha chini na kusimulia.

*Tahadhari:* "Reach Down" ina zaidi ya dakika kumi na moja, na sehemu kubwa ni gitaa la McCready. Usiiruke. Ukishindwa kukaa nayo, iweke wakati unapika au unatembea.

*Utajua umefaulu* ukimtambua Cornell na Vedder katika "Hunger Strike" ukiwa umefumba macho, hata pale wanapopishana haraka.

Hatua ya 3: Badmotorfinger, na kujifunza kuhesabu

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Nyimbo nyingi tunazozisikia zina mapigo manne yanayojirudia: moja, mbili, tatu, nne, tena moja. Mwili umeshazoea, na kichwa kinatikisika chenyewe. Soundgarden mara nyingi hawapigi hivyo. Kichwa chako kikitikisika kwa nne, ghafla unajikuta nje ya wimbo, na ubongo unasema "hawa wanakosea". Hawajakosea. Wimbo una mapigo saba, au matano, au sita.

Fanya hivi. Chukua "Outshined". Weka mkono mezani na upige kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne, halafu moja, mbili, tatu. Jumla saba. Usihesabu moja hadi saba moja kwa moja, ulimi utachelewa. Nne na tatu, nne na tatu. Lile gitaa zito la beti litakukalia mkononi ndani ya dakika moja. Kisha kiitikio kinaingia, na mwendo unakuwa wa kawaida. Ile raha ya ghafla unayoisikia kwenye kiitikio inatokana na hilo: umeshikwa kwenye saba, kisha umeachiwa upumue.

Rudia siku mbili. Ukishindwa siku ya kwanza usijilaumu, sikio linazoea taratibu.

Sasa habari ya kutuni. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na uzi mnene hutuniwa noti ya E. Soundgarden huushusha. Katika "Outshined" umeshuka hadi D. Katika "Rusty Cage" umeshushwa hadi B, chini kiasi kwamba uzi unalegea na kutetemeka kama mpira. Katika "Mind Riot" nyuzi zote sita zimetuniwa E, nyingine nene, nyingine nyembamba. Kama una gitaa, legeza ule uzi mnene hadi D na uupige wazi pamoja na nyuzi mbili zinazofuata. Kishindo utakachokisikia ndicho msingi wa bendi hii.

*Tahadhari:* usishushe uzi hadi B kwenye gitaa lenye nyuzi nyembamba ukitegemea utoe sauti safi. Utagongagonga shingo. Na usikaze nyuzi nyingine kuelekea E ya juu kwa kuiga "Mind Riot", utazikata.

Baada ya mapigo na kutuni, sikiliza sauti. "Slaves & Bulldozers" ndiyo darasa lenyewe. Anaanza akiwa amejibana, muziki ukiburuta miguu, na kufika mwisho anapiga kelele zenye noti kamili. Wengi hupiga kelele, wachache hupiga kelele iliyo kwenye tuni. Andika dakika unayosikia sauti ikivuka kutoka kifuani kwenda juu. Ukiirudia kesho utaona uliikosea.

Kwenye safu ya watunzi, jaza kwa makini. "Rusty Cage" na "Outshined" ni za Cornell. "Jesus Christ Pose" ni ya bendi nzima. "Somewhere" ni ya Ben Shepherd. "Room a Thousand Years Wide" maneno ni ya Thayil na muziki ni wa Cameron, kwa hiyo hapo Cornell ni mwimbaji tu wa mawazo ya wengine. Wanaosema "Soundgarden ni Cornell na watu wake" hawajawahi kusoma kijitabu hiki.

*Utajua umefaulu* ukiweza kupiga meza kwa mapigo ya "Outshined" kutoka mwanzo hadi mwisho, ukivuka kutoka saba kwenda nne na kurudi bila kusimama.

Hatua ya 4: Superunknown

Umeshajua kuhesabu, kwa hiyo albamu hii itafunguka. Ilitoka Machi 1994, ikaingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya albamu ya Marekani, na mwaka uliofuata "Black Hole Sun" na "Spoonman" zikachukua tuzo za Grammy. Ina dakika sabini hivi. Igawe: nusu siku moja, nusu siku nyingine.

"Spoonman" ni saba tena, nne na tatu. Wimbo umepewa jina la Artis, mwanamuziki wa mitaani wa Seattle anayepiga vijiko, na vijiko vinavyosikika katikati ni vyake mwenyewe. "Fell on Black Days" ni sita: hesabu nne na mbili. Huu ni wimbo wa mapigo yasiyo ya kawaida ambao watu huuimba bila kujua, kwa kuwa sauti imepita juu yake kwa ulaini. "My Wave" ina beti za mapigo matano.

Kisha "Black Hole Sun", ambayo labda ndiyo iliyokuleta. Sasa isikilize upya. Gitaa linalotiririka kwenye beti limepitishwa kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati na kuifanya sauti iyumbe. Beti ni tamu, kiitikio ni kizito, na Cornell hapigi kelele hata mara moja. Mtu yuleyule wa "Slaves & Bulldozers" ameamua kujizuia. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka alioiva kama mtunzi.

Angalia pia "Head Down" na "Half" za Shepherd. "Half" hata haimbi Cornell. Usishtuke ukadhani umebonyeza pengine.

*Tahadhari ya moyo.* Maneno ya Cornell mara nyingi yanazungumzia huzuni na upweke, na alifariki kwa kujiua Mei 2017 mjini Detroit, saa chache baada ya onyesho la Soundgarden. Wasikilizaji wapya hupenda kuzifanya nyimbo za 1994 ziwe utabiri wa 2017. Acha. Ni kumnyima haki mtunzi, aliyeziandika akiwa na miaka ishirini na kitu, kwa ufundi na kwa uangalifu. Na kama wewe mwenyewe unapita kipindi kigumu, funga albamu, zungumza na mtu unayemwamini au nenda kituo cha afya. Muziki utakusubiri.

*Utajua umefaulu* ukiweza kueleza kwa maneno yako kwa nini "Fell on Black Days" inaonekana nyepesi kuliko "Spoonman" ilhali zote mbili hazina mapigo manne.

Hatua ya 5: Rudi nyuma kwa wimbo mmoja

Piga "Beyond the Wheel". Anaanza chini kabisa, sauti ambayo hukuwahi kumsikia nayo, kisha anapanda ngazi baada ya ngazi mpaka juu kabisa. Sababu ya kuuweka hapa na si mwanzoni: sasa unajua alikofika, kwa hiyo unasikia alikotoka. Mwaka 1988 alikuwa na koo lote hilo na anakuonyesha lote. Kufikia 1994 amejifunza kuficha.

Kama wimbo huu umekuvutia, *Ultramega OK* nzima inakusubiri, na kuna toleo la 2017 lililochanganywa upya ambalo linasikika vizuri zaidi. Kama haukukuvutia, pita.

Hatua ya 6: Down on the Upside

Hatua fupi. Walirekodi wenyewe bila prodyuza wa nje, magitaa yamepungua uzito, na Cornell na Shepherd ndio wametunga sehemu kubwa. Sikiliza "Burden in My Hand" na "Blow Up the Outside World" na utasikia magitaa makavu, yasiyo ya umeme, yakianza kuingia. Aprili iliyofuata bendi ikavunjika. Ukilijaza daftari vizuri utauona mpasuko kwenye safu ya watunzi: jina la Thayil limekuwa adimu.

Hatua ya 7: Euphoria Morning, akiwa peke yake

Hapa hana Thayil, hana Cameron wa kila siku. Amefanya kazi na Alain Johannes na Natasha Shneider wa bendi ya Eleven. Mapigo yametulia, nyuzi za chini zimeondoka, na mpangilio wa noti umekuwa wa mtu aliyekulia kwenye The Beatles. Anza na "Can't Change Me", kisha "Preaching the End of the World", kisha "Wave Goodbye" aliyomwandikia rafiki yake marehemu Jeff Buckley.

*Tahadhari ya jina:* utaona albamu mbili, *Euphoria Morning* na *Euphoria Mourning*. Ni moja. Tahajia ya pili, yenye maana ya maombolezo, ndiyo aliyoitaka tangu awali, na toleo la 2015 likairudisha. Usipakue mara mbili.

*Tahadhari nyingine:* usiruke kwenda *Scream* ya 2009, aliyoifanya na prodyuza Timbaland. Ni kazi ya kudansi, nyimbo zimeunganishwa bila nafasi kati yake, na ukiisikia mapema itakuvuruga. Ipo siku utakuwa tayari kuihukumu kwa haki.

Hatua ya 8: Audioslave

Mwimbaji Zack de la Rocha aliiacha bendi ya Rage Against the Machine mwaka 2000. Watatu waliobaki, Morello, Commerford na Wilk, walihitaji mwimbaji, na prodyuza Rick Rubin akawaelekeza kwa Cornell. Watu walitegemea Rage yenye sauti ya Soundgarden. Ikatoka bendi ya tatu.

Fanya kazi hii kwa kulinganisha. Piga "Outshined", halafu "Show Me How to Live". Zote nzito, zote sauti ileile. Sasa hesabu ya pili: moja, mbili, tatu, nne. Mwili unatikisika wenyewe. Wilk na Commerford ni watu wa mdundo ulionyooka, na kwa kuwa msingi haumyumbishi tena, Cornell ananyoosha mistari yake, anaimba maneno machache na kuyaburuza.

Gitaa nalo. Thayil hujaza sauti na nyuzi wazi mpaka kila kona iwe na ukungu. Morello huacha nafasi, kisha anatoa mlio usioujua. Ule wa helikopta mwanzoni mwa "Cochise" ni gitaa. Solo ya "Like a Stone" inaruka noti kwa kanyagio la mguuni. Usiwaze kinanda: bendi iliandika kabisa kwenye albamu kwamba milio yote ni ya gitaa, besi, dramu na sauti za waimbaji.

Safu ya watunzi hapa ni rahisi: muziki ni wa wote wanne, maneno yote ni ya Cornell. Hilo lenyewe ni jibu. Kwenye Soundgarden alileta nyimbo nzima akiwa na gitaa lake. Hapa analetewa muziki na kuutafutia maneno na tuni.

Ukimaliza albamu, rudi kwenye "I Am the Highway" na "Like a Stone" mara moja zaidi, taratibu. Wako wanaoidharau Audioslave kwamba ni nyepesi. Mimi nawapinga. Kuimba polepole juu ya magitaa yenye nafasi hakuachi mahali pa kujificha, na hajifichi.

*Utajua umefaulu* ukiweza kutenganisha Thayil na Morello kwa sekunde kumi za mwanzo za wimbo wowote, kabla sauti haijaingia.

Hatua ya 9: Songbook, kipimo cha haki

Sasa toa bendi zote. *Songbook* imerekodiwa jukwaani, Cornell na gitaa kavu, akipiga nyimbo za Soundgarden, Temple of the Dog, Audioslave na zake binafsi mfululizo. Chukua "Fell on Black Days", "Call Me a Dog" na "Like a Stone". Kwa kila moja, piga ya awali, kisha ya *Songbook*, na uandike kilichopotea. Kilichopotea ni mchango wa bendi. Kilichobaki ni chake.

Zoezi hili ukilifanya kwa uaminifu, daftari lako litakuwa na majibu ambayo sikukuandikia hapa.

Ukikwama

Ukiona nyimbo zote za Soundgarden zinafanana, umekuwa ukisikiliza sauti ya kuimba tu. Sikiliza albamu nzima ukimfuata Cameron peke yake. Masikio yasitoke kwenye dramu.

Ukishindwa kuelewa maneno, usianze kwa kuyatafsiri mstari kwa mstari. Cornell hupanga picha kwa jinsi zinavyolia mdomoni, na nyingi hazina hadithi ya kufuata. Soma maneno mara moja bila muziki, kisha rudi kwenye wimbo.

Ukichoka na uzito, pumzika na Temple of the Dog.

Jaribio la mwisho

Mwombe mtu akupangie nyimbo kumi kutoka albamu zote saba, akupigie sekunde thelathini za kila moja. Andika bendi na sababu: gitaa, mapigo, au namna ya kuimba. "Nimehisi tu" haipati alama.

Mwambie achomeke na mtego mmoja, "You Know My Name" ya filamu ya *Casino Royale* ya 2006. Cornell aliitunga na David Arnold akiwa bado ndani ya Audioslave, na wengi huiita ya Audioslave. Tega sikio kwa vyombo vya okestra vilivyo nyuma yake. Morello hayumo.

Ukipata nane kati ya kumi, uko tayari kwa *King Animal* ya 2012, Soundgarden waliporudi. Ukipata chini ya tano, rudia hatua ya tatu na ya nane tu, kisha fanya jaribio jipya kwa nyimbo nyingine. Ukifika *King Animal*, anza na "By Crooked Steps", na uweke vidole mezani mapema: beti zake ni tatu na mbili.